Hofu ya kisu haitulizwi kwa "usiogope"

Usiku wa kuamkia siku ya kupasuliwa, nilimkuta shangazi yangu uani, amechutama mbele ya beseni, anasugua kucha kwa ndimu. Wiki moja nyuma alikuwa amepaka piko kwa ajili ya harusi ya jirani, na nesi alikuwa amemwagiza aje na kucha safi. Piko haitoki kwa ndimu. Vidole vilishakuwa vyekundu, naye bado anasugua.

"Shangazi, kwani kucha zina nini?"

"Sijui, mwanangu. Sikuuliza." Mkono ukasimama. "Na wakinilaza nisiamke, je?"

Kwa wiki tatu alikuwa anaijua tarehe yake ya kuondolewa uvimbe kwenye kizazi. Kwa wiki hizo tatu, sisi wa nyumbani na wageni waliokuja kumjulia hali tulikuwa na neno moja tu: usiogope. Tulidhani tunamfariji, kumbe tunamziba mdomo. Mtu akishaambiwa asiogope, atamweleza nani kwamba anaogopa?

Aliyekuwa akimnyima usingizi hakuwa daktari mwenye kisu. Ilikuwa ile nusu kaputi. Jina lenyewe linatisha, kana kwamba mtu anauawa nusu halafu anaachwa arudi mwenyewe akijaliwa. Lakini mtaalamu wa usingizi hamchomi mgonjwa sindano akaenda zake. Hukaa naye tangu mwanzo hadi mwisho, akifuatilia pumzi, presha, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni kwenye damu. Oksijeni hiyo husomwa na kidude kinachobanwa kidoleni na kupitisha mwanga. Rangi nzito ya kucha inaweza kuuzuia mwanga huo. Siri ya kucha ni hiyo tu.

Tena si kila upasuaji unamtaka mgonjwa alale kabisa. Upo unaofanywa kwa sindano ya mgongo: kuanzia kiunoni kushuka chini panakufa ganzi, mwenyewe yuko macho. Ni haki ya mgonjwa kuuliza atapewa ipi, na kwa nini.

Hofu iliyofichwa

Tumbo kusokota, mikono kuwa baridi, usingizi kukataa: hayo yote ni ya kawaida, wala si dalili ya imani haba. Hatari ni pale hofu inapomfanya mtu afiche mambo. Yupo anayekunywa chai ya maziwa alfajiri, kisha kwa kuogopa tarehe isisogezwe, anasema hajagusa kitu. Yupo anayeachishwa dawa za presha na jirani. Yupo anayetumia miti shamba na kuona haya kuitaja mbele ya daktari.

Kufunga kabla ya upasuaji si adhabu. Mtu akilazwa kwa dawa, koo husahau kazi yake ya kulinda njia ya hewa, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana mara nyingi huagizwa saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji. Chai ikishatiwa maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Hospitali yako ikikupa saa zake, fuata hizo. Na ukiteleza, sema. Kusogezewa tarehe ni usumbufu; kunyamaza kunaweza kugharimu uhai.

Jina lako nani?

Kuna jambo moja huwatia wengi wasiwasi asubuhi ya siku yenyewe. Wanaulizwa jina wadi, wanaulizwa tena mlangoni, wanaulizwa tena juu ya kitanda cha upasuaji. Mgonjwa anajiuliza: hawa hata hawanijui?

Wanaliuliza kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2008 orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Kabla ya dawa ya usingizi, timu husimama na kuhakikisha mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, sehemu gani ya mwili, na kama ameridhia. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakikuongezwa kisu kipya. Watu waliuliza, wengine wakajibu.

Basi mgonjwa naye aulize. Aandike maswali kwenye karatasi siku kadhaa kabla: nitalazwa vipi, nitaamkia wapi, maumivu yatatulizwa na nini, dawa zangu za kila siku nimeze au niache? Dua na sala zina nafasi yake, na mkono wa ndugu una nafasi yake. Lakini swali lililojibiwa huondoa hofu ambayo mkono wa ndugu hauwezi kuifikia.

Shangazi alifika wadi asubuhi ile na kucha nyeusi vilevile. Nilimsihi aseme, akasema, sauti ikitetemeka: "Sista, piko imegoma kutoka. Na naogopa nisije nisiamke." Nesi alimshika mkono, akamwambia kidude kitabanwa sikioni, kisha akamwita mtaalamu wa usingizi aje kumweleza hilo la pili. Jambo lililomnyima usingizi usiku kucha lilikwisha kabla hajavua kanga.

Aliamka. Mwezi uliopita alikwenda kumwona jirani anayesubiri kupasuliwa ngiri. Watu walikuwa wamejaa sebuleni, na kila aliyeingia alisema lilelile neno. Shangazi akavuta kigoda karibu, akatoa kalamu na daftari la mjukuu wake.

"Haya baba, niambie. Unaogopa nini hasa? Tuandike."