Ufa Usioonekana Katika Picha ya Kwanza

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo husemwa juu ya nyumba, lakini hata mifupa ya binadamu ina nyufa zake, na baadhi yake ni ndogo mno hata picha ya eksirei haizioneshi siku ya kwanza.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayeteremka katika basi asubuhi ya mvua. Anateleza, na katika kuanguka anatanguliza kiganja ili kujikinga. Anainuka, anajipangusa tope, anakwenda kazini. Jioni kifundo cha mkono kimevimba kidogo na kinauma upande wa kidole gumba. Hospitalini anapigwa picha, naye anaambiwa hakuna mfupa ulioonekana kuvunjika, lakini arudi baada ya wiki mbili. Anafurahi, harudi tena, na jirani mwenye huruma anamchua kwa maji ya moto. Miezi inapita. Siku moja anagundua kwamba hawezi kukaza spana wala kuinua ndoo bila maumivu.

Kosa liko wapi? Yafaa kwanza tuelewe kazi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895. Miali yake hupenya nyama kwa urahisi, lakini mfupa huizuia kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mfupa huonekana mweupe, na penye ufa huonekana mstari mweusi. Lakini iwapo vipande havijaachana, mstari huo huweza kujificha. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha zaidi ya moja, kwa pande mbalimbali.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane. Mmoja wao huitwa skafoidi, jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya mashua, kwa sababu ya umbo lake. Huo ndio unaovunjika mara nyingi kuliko wenzake saba. Taabu yake ni kwamba sehemu kubwa ya damu huuingia kutoka upande wa vidole, kisha hurudi nyuma. Ufa ukiikata njia hiyo, kipande cha nyuma hukosa lishe na huweza kufa. Mfupa usipounga, kiungo husagika mwaka hadi mwaka.

Daktari mwangalifu hategemei picha peke yake. Hubonyeza kibonde kidogo kilichoko chini ya kidole gumba, kinachoonekana kidole hicho kinaponyoshwa. Mgonjwa akisikia maumivu hapo baada ya kuanguka, mkono hutulizwa kwa bandeji gumu ingawa picha haioneshi kitu, naye hutakiwa kurudi baada ya siku 10 hadi 14. Kufikia wakati huo kingo za ufa huwa zimeliwa kidogo, na picha ya pili huweza kuufichua. Palipo na kipimo cha CT Scan au MRI, jambo huweza kujulikana mapema zaidi. Ufa ukithibitika, mkono hufungwa kwa wiki kadhaa. Wengine huhitaji kupasuliwa na kutiwa skrubu.

Nasi wagonjwa tuna wajibu wetu. Ukianguka, vua pete kabla vidole havijavimba, utegemeze mkono kwa khanga iliyofungwa shingoni, wala usikubali kuchuliwa. Mweleze daktari jinsi ulivyoanguka, na umwoneshe kwa kidole kimoja mahali panapouma. Mama mjamzito aseme hali yake kabla ya kupigwa picha. Ikiwa pana jeraha na mfupa umetokeza, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi, ukimbilie hospitali. Na aliyefungwa bandeji gumu akiona vidole vinakufa ganzi, vinakuwa baridi, vinabadilika rangi, au maumivu yanazidi, arudi saa ile ile, asingoje kesho.

Basi, ndugu msomaji, uambiwapo kwamba picha haikuonesha kitu, uliza: nirudi lini? Kurudi huko kutakugharimu nauli na labda nusu siku ya kazi. Kutorudi kwaweza kukugharimu nguvu za mkono unaokulisha wewe na watoto wako.