Mkono wa Fanani: Vibonzo, Ngano na Haki ya Jamii

Katika fasihi simulizi, ngano hubebwa na sauti, uso na mikono ya fanani. Iwapo ngano ya Chasu isimuliwayo Ndungu, kwenye tambarare chini ya milima ya Upare, itageuzwa kuwa filamu, je, mikono hiyo itapotea? Mhadhara huu unadai kwamba katika vibonzo vinavyochorwa kwa mkono haipotei, bali huhamia katika mchoro.

Filamu huonyesha kwa kawaida picha 24 kwa sekunde. Hata mchoraji akitumia kila mchoro mara mbili, dakika moja humdai michoro 720. Taabu hiyo humlazimu kuchagua, na kila ishara hubidi ibebe maana. Ndivyo ilivyo katika ngano: Sungura haelezwi wajihi wake; tendo lake latosha.

Kenya inatoa mifano miwili. The Legend of Ngong Hills (2011) ya Kwame Nyong'o inasimulia ngano ya Kimaasai ya zimwi na msichana. Yellow Fever (2012) ya Ng'endo Mukii haina zimwi la kuonekana. Kwa kuchanganya michoro na picha za watu halisi, inachunguza kujichubua ngozi miongoni mwa wanawake wa Kiafrika. Kiswahili kina neno mkorogo, litokanalo na kitenzi koroga. Katika mazungumzo ya kila siku, neno hilo humnyooshea kidole mtumiaji. Filamu inakigeuza kidole hicho kuelekea jamii iliyomfundisha msichana kuuchukia weusi wake. Zimwi lipo, ila ni kipimo cha uzuri.

Upare nao una visa vya haki. Mwaka 1945 maelfu ya watu walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru, na mwaka 1946 wanawake nao wakaandamana. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika juu ya upinzani huo. Maandishi hueleza umati na sababu zake. Mchoro waweza kumfuata mwanamke mmoja anayeshuka mlimani, na hatua zake zikasema.

Hapa ndipo wajibu wa mtafiti wa Kiswahili unapoanza. Ngano ya Chasu ikihifadhiwa kwa tafsiri ya Kiswahili pekee, maneno hubaki na fanani huondoka. Filamu ya namna hii yaweza kuihifadhi sauti ya Chasu, tafsiri ikiandikwa chini ya picha. Basi na isomwe kama matini kamili, yenye lugha mbili na mkono mmoja.