Kupima Kipimo cha Akilini

Mgonjwa wa kiharusi ameketi kitini. Anainua mkono uliodhoofu kadiri unavyokubali, anaurudisha pajani, kisha anatulia na kulirudia tendo hilo akilini peke yake. Mtaalamu wa fiziotherapia anamuuliza ameliona wazi kiasi gani. Baadaye anamuuliza amelihisi mwilini kwa nguvu kiasi gani. Kila jibu ni alama kati ya 1 na 5. Hilo ni dodoso la KVIQ, linalopima uwezo wa kuona na kuhisi tendo akilini, lililotungwa Québec, Kanada, na Francine Malouin na wenzake, likachapishwa mwaka 2007. Madodoso yaliyolitangulia, kama MIQ, yalilenga watu wazima wa afya na kuwataka hata waruke juu. Aliyepooza upande mmoja hayamfai.

Alama hizo zina uzito. Mazoezi ya akilini huambatanishwa na mazoezi ya viungo ili kumsaidia mgonjwa kurejesha matumizi ya mkono au mguu, na mtaalamu anataka kujua nani ana uwezo wa kuyafanya. Dodoso likikosea, mmoja atanyimwa zoezi ambalo lingemfaa, na mwingine atafumba macho kila siku bila kufanya lolote.

Kwa hiyo linapohamishiwa lugha nyingine, inabidi lijaribiwe upya. Mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000 umeeleza njia: watafsiri wawili, kuoanisha kazi zao, watu wengine wawili wa kuirudisha katika lugha ya awali bila kuliona dodoso lenyewe, kamati ya wataalamu, kisha majaribio kwa watu 30 hadi 40. Ni njia nzuri, lakini hatua inayosifiwa zaidi, ile ya kurudisha tafsiri, ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Mtafsiri hodari hukisia kilichokusudiwa na kuinyoosha sentensi iliyopinda, hata matini mbili zikalingana ilhali mgonjwa angeachwa njia panda.

Ukweli hujitokeza kwenye majaribio, iwapo mhoji hataridhika na namba. Amuulize aliyejibu 4: ulifanya nini hasa akilini? Mmoja atasema alijitazama kwa mbali, kama mtu aliye kwenye televisheni, ilhali KVIQ inataka ajione kwa macho yake mwenyewe, akiwa ndani ya tendo. Mwingine atakuwa ametaja wepesi wa tendo badala ya uwazi wa picha. Wa tatu alitaka tu kumfurahisha mtaalamu. Namba ni ileile, vitu vitatu tofauti.

Takwimu hazitawatenganisha watu hao. Alfa ya Cronbach, inayotajwa karibu katika kila ripoti ya aina hii, huonyesha kwamba maswali yanakubaliana. Kila mhojiwa akishikilia namba yake moja toka mwanzo hadi mwisho, alfa itapanda sana. Kumrudia mtu baada ya wiki mbili huonyesha kama jibu lake limetulia, nalo kosa pia laweza kutulia. Uchambuzi wa vipengele una manufaa zaidi: kuona na kuhisi vinatakiwa kujitenga, na vikishikamana katika tafsiri tu, maelekezo yachunguzwe upya.

Hata hivyo, vyote hivyo bado vinategemea maneno ya mhojiwa. Kinachohitajika pembeni ni saa. Mwaka 1989, watafiti Jean Decety, Marc Jeannerod na mwenzao walionyesha kwamba muda wa kutembea akilini hadi alama fulani unakaribiana na muda wa kuifikia kwa miguu. Mgonjwa ainue mkono mara kadhaa, kisha arudie akilini, na nyakati zilinganishwe, kila upande wa mwili peke yake. Saa hupima mwenendo wa tendo, haipimi uwazi wa picha, hivyo uhusiano kamili na alama za dodoso usitarajiwe. Lakini aliyejipa 5 kote, halafu akamaliza akilini kwa sekunde moja tendo linalomchukua sekunde sita, anastahili kuhojiwa tena kabla alama zake hazijaingia kwenye faili.