Bima Ni Ahadi ya Pande Mbili



Baadhi ya nyumba zetu hapa pwani zina mwana, dada au mkwe aliyefanya maskani Kanada. Huko hulipia bima ya gari na ya nyumba mwaka hadi mwaka, lakini ni wachache waisomao hati yake kabla ya siku ya msiba. Juma hili tumeona vyema tuisimulie kesi ambayo kila mwenye jamaa nchini humo anafaa kuijua.

Usiku mmoja wa Januari 1994, katika jimbo la Ontario, mume, mke na binti yao walizinduka nyumba ikiteketea. Walitoka na nguo za kulalia tu, katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Baba alimvisha binti ndara zake, na miguu yake mwenyewe ikaumia vibaya kwa baridi.

Kampuni yao ya bima iliwapa takriban dola 5,000 za matumizi na kuwalipia kodi ya pango kwa muda mfupi, kisha ikasitisha malipo pasi na kuwaarifu. Ikadai kuwa wenyewe ndio waliochoma nyumba, ilhali mkuu wa wazima moto hakuona dalili yoyote ya hilo, wala mpelelezi wa kwanza wa kampuni yenyewe. Lengo lilikuwa dhiki iwalazimishe kukubali kidogo.

Familia haikukubali. Jopo la raia waliosikiliza kesi liliamuru walipwe hasara yao, na juu yake dola milioni 1 kuwa adhabu kwa kampuni. Mahakama ya Rufani ikaipunguza adhabu hadi dola 100,000. Februari 2002, katika kesi ijulikanayo kama Whiten dhidi ya Pilot, Mahakama ya Juu ya Kanada ikairejesha milioni ile. Majaji walikumbusha kuwa mtu hununua bima ya nyumba apate utulivu wa moyo, na kwamba kampuni ina wajibu wa kumtendea kwa nia njema.

Nia njema hiyo humfunga mwenye bima pia. Katika sheria ya Ontario, atiaye chumvi hasara yake kwa makusudi aweza kupoteza dai. Nasi Waislamu twajua uzito wa ahadi na uovu wa kughushi.

Basi tuwausie jamaa zetu walio huko: wasome hati, watunze risiti na kila barua pamoja na tarehe yake. Kampuni iarifiwe ajali ya gari ndani ya siku 7, na kesi ya bima ya moto ifunguliwe kabla ya mwaka 1 kupita. Wasitie saini malipo pungufu kwa kukata tamaa kabla ya kumwona wakili. Wapo wanaokubali kulipwa dai likishinda.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wetu walio mbali. Amin.