Kigari Kilichomfungua Mdomo Mume Wangu

Kuna wanaume ukiwauliza "vipi kazini leo?" jibu ni lile lile: "Poa." Wangu ndiye bingwa wao. Ndoa yetu ina miaka sita, lakini niliyoyajua kuhusu marehemu baba mkwe yangeenea nyuma ya kadi ya mchango.

Siku moja akarudi na kigari cha kuchezea. Peugeot 504 ya chuma, nyeupe, skeli ya 1:43, urefu kama sentimita 10 hivi. Jamani! Tunadunduliza pesa ya kiwanja, mtu mzima ananunua toi! Nikanuna. Akasema kwa sauti ndogo, "Ya mzee ilikuwa ya bluu," akakiweka juu ya kabati. Basi, yakaishia hapo.

Bluu ipi, dada?

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia, nikapanga kukipaka bluu kwa siri. Nikaenda duka la rangi za magari. Muuzaji akaniuliza, "Bluu ipi, dada?" Nikabaki nimeduwaa. Picha pekee ya gari lile ni nyeusi na nyeupe. Ikabidi nirudi nyumbani nikiri.

Nilidhani atacheka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Jumamosi twende wote."

Kazi yenyewe

Usidhani ni kupuliza tu. Chini ya kigari kuna ribiti mbili. Tulizitoboa kwa drili ndogo, bodi ikaachana na kitako. Vioo, viti na magurudumu tukaviweka pembeni, maana dawa ya kuchubua rangi huyeyusha plastiki. Bodi peke yake ndiyo iliyopakwa dawa, tena nje kwenye hewa, tumevaa glovu. Rangi ikavimba, tukaisugua kwa mswaki uliochoka, tukaosha kwa sabuni ya vyombo. Ikikauka usiishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huzuia rangi kushika.

Kisha praima nyembamba, ikalala hadi kesho yake. Halafu bluu ya kopo, umbali wa sentimita 20 hivi, mkono ukitembea. Mimi na haraka zangu nikapuliza nzito, ikachuruzika mlangoni kama machozi. Tukachubua tena! Safari ya pili tukapaka mara tatu, nyepesi nyepesi. Siku ya mvua acha kabisa, unyevu huifanya rangi iwe na ukungu.

Angalizo: kama ni kigari cha zamani sana, usikipige msasa mkavu, rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Na kama ni adimu, kiache kilivyo, wakusanyaji hupenda rangi ya kiwandani.

Doa la oili

Tulipokuwa tunasubiri rangi ikauke, macho yake kwenye kigari, ndipo akaanza kusema. Alikuwa kidato cha tano, bweni. Aliporudi likizo, chini ya mwembe palikuwa na doa la oili tu. Mzee alikuwa ameuza gari ili alipe ada. Yeye, kwa akili za utoto, alikasirika kwamba sasa watatembea kwa miguu. Likizo nzima hakumsemesha baba yake. Mzee alifariki kabla hajamaliza chuo.

"Sikuwahi kumwambia asante," akasema.

Miaka sita, msomaji wangu. Sikuwa na la kujibu. Nikamshika mkono, wote tuna rangi vidoleni.

Tulipokifunga kigari kwa gundi, alikigeuza geuza kwenye mwanga. "Siyo yenyewe kabisa," akasema, "ya mzee ilikuwa imepauka." Lakini alikuwa anatabasamu. Jioni ile alimpigia mama yake simu, wakaongea hadi vocha ikakata.

Kwa hiyo, shoga yangu, kama wako naye ni wa "poa," usimkalishe sebuleni kumhoji. Mtafutie kazi ya mikono, kaa pembeni yake, na usiwe na haraka ya koti la pili.