Kwetu ni Wapi? Safari ya Masisi na Walikale

Katikati ya Bahari ya Mediteranea, kusini ya Sicilia, kuna visiwa vidogo viitwavyo Malta. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 316 tu. Teritwari yetu ya Masisi peke yake yaishinda Malta zaidi ya mara kumi. Sisi Wakristo twavijua visiwa hivyo kwa ajili ya Mtakatifu Paulo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, twasoma ya kwamba alifika huko baada ya merikebu yake kuvunjika, na wenyeji wakampokea yeye na wenzake, wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Wamalta zaidi ya laki moja walihama kwao kwenda kutafuta kazi Australia, Kanada, Uingereza na Marekani. Siku hizi wajukuu wao hurudi kuitafuta asili yao. Huenda parokiani na kuomba wafunuliwe vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Hujifunza pia maneno ya lugha ya babu zao, na lugha hiyo ina mambo ya kushangaza. Imetokana na Kiarabu, ikachanganyika na maneno mengi ya Kiitalia, nayo huandikwa kwa herufi za Kirumi. Mmalta Mkatoliki akisali, Mungu humwita Alla, na Kwaresima huiita Randan. Akihesabu, sita kwake ni sitta, saba ni sebgħa, tisa ni disgħa. Mwenye kujua Kiswahili hana haja ya mkalimani hapo!

Basi mjukuu aliyedhani anakwenda kutafuta damu ya kabila moja hukuta ya kwamba nyumba ya babu zake ilijengwa kwa mikono mingi. Jambo kama hilo lilitupata sisi pia, si katika Malta, bali katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale. Leo nataka kuwasimulia habari yake.

Swali la mtoto

Mwaka 2011 tulikuwa tukikaa Goma. Siku moja binti yetu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alirudi shuleni akiwa na huzuni. Akaniambia, "Baba, mwalimu alituuliza kila mmoja kwao ni wapi. Mimi nilijibu Goma. Wenzangu wakacheka, wakasema Goma ni mji wa watu wote, si kwao mtu. Je, kwetu ni wapi?"

Swali lile lilinichoma. Mimi ni Mnyanga, baba yangu alizaliwa Walikale. Mama ya watoto ni mzaliwa wa Masisi, na babu zake walitoka Rwanda. Nyumbani twasema Kiswahili, na watoto husoma Kifaransa shuleni. Hawakujua Kinyanga, wala Kinyarwanda. Sisi wazazi tulikuwa tumenyamaza, na sababu yake twaijua. Katika nchi yetu neno hili "kwetu" limekwisha kumwaga damu nyingi. Mwezi wa Machi 1993, vita vya majirani vilianza Ntoto, katika Walikale, vikaenea Masisi, na maelfu ya watu wakafa. Tangu hapo wazazi wengi, hasa waliooana kama sisi, wameona ni heri kunyamaza kuliko kuwafundisha watoto jambo litakaloweza kuwaua.

Lakini wahenga walisema, "Mkataa kwao mtumwa." Mtoto asiyeambiwa habari zake na wazazi wake ataambiwa na wengine, tena labda kwa ubaya. Mke wangu nami tukashauriana, na likizo ilipofika tukaondoka pamoja na watoto wetu wawili.

Katika milima ya Masisi

Kutoka Goma mpaka Sake ni kilomita 27 hivi. Hapo barabara huacha ziwa na kupanda milimani, kwenda Mushaki. Watoto waliozoea mawe meusi ya volkeno walistaajabu kuona malisho ya kijani yakifunika vilima, na makundi ya ng'ombe juu yake. Jibini waliyoizoea sokoni Goma, sasa waliiona mahali itokapo.

Mama yao akawaeleza kwa nini jamaa zake wako huko. Kati ya miaka 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamisha watu wengi kutoka Rwanda na kuwaleta katika Kivu. Jumla yao yakadiriwa kuwa 85,000 hivi. Rwanda watu walikuwa wengi na njaa ilikuwa imewatesa. Huku Kivu walowezi wa Kizungu walitaka wafanya kazi wa mashamba yao. Wengi waliwekwa Gishari, katika nchi ya Wahunde. Wahunde walikuwa na watemi wao na mashamba yao zamani kabla ya Mzungu. Wenye kuletwa na wenye kuletewa, wote wawili walikaa pamoja kwa amri ya mtu wa tatu, na magomvi mengi ya ardhi yaliyofuata yana mzizi huko.

Mjomba wa mke wangu, mzee mwenye mvi, alitupeleka parokiani. Padri akatafuta kitabu cha ubatizo cha mwaka 1952, akakifunua taratibu, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa zimelainika kwa unyevu. Binti yetu akafuata mistari kwa kidole. Ghafla akasema, "Mama, huyu ni bibi!" Ndivyo ilivyokuwa. Jina la bibi yao liliandikwa kwa wino wa buluu: amezaliwa Rwanda. Na mbele yake, mahali pa msimamizi wa ubatizo, palikuwa na jina la mwanamke wa Kihunde.

Mke wangu hakupata kusikia habari ile maishani mwake. Akamgeukia mjomba wake, akamwuliza, "Mjomba, huyu ni nani?"

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiye aliyemwonyesha mama yangu mahali pa kuteka maji, siku tulipofika na kuogopa kila kitu. Mwaka 1993, mwanawe ndiye aliyetupitisha usiku, kwa njia za porini, mpaka Sake. Na mwaka 1996, vita vilipowageukia wao, watoto wake walilala chini ya kitanda changu siku tisa. Hatukusimulia habari hizo. Wakati ule, kusimulia wema wa mtu kungaliweza kumletea kifo."

Tulisimama kimya. Nilikuja Masisi nikidhani ya kwamba urithi wa mke wangu ni habari ya watu waliotoka Rwanda tu. Kumbe sehemu moja ya urithi ule ilikuwa ni mama mmoja wa Kihunde aliyesimama kanisani na kuahidi mbele ya Mungu kumlea mgeni wake katika imani.

Katika msitu wa Walikale

Tukapita Masisi-centre na Nyabiondo. Huko gari letu likashindwa na tope, nasi tukapanda pikipiki. Baada ya Kashebere malisho huisha na msitu huanza, miti mirefu na joto. Walikale ni teritwari kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na barabara zake ni chache. Siku ya tatu tulifika kijijini, karibu na mto Lowa, tukapokewa na shangazi ya baba yangu. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Akawashika watoto nyuso zao, akawasalimu kwa Kinyanga. Nao hawakuweza kujibu. Niliona haya kuliko siku yo yote ya maisha yangu.

Jioni tulikaa motoni, tukila ndizi na samaki wa mtoni. Kijana mmoja wa ukoo wetu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama yao si mtu wa kwetu. Watoto hawa ni nusu wageni. Wanakuja kutafuta nini?" Watu wote wakanyamaza. Mke wangu akaweka chini sahani yake. Nami, hasira ikinipanda, nilitaka kusimama, lakini bibi alinizuia kwa mkono. Akamwuliza yule kijana, "Wewe, habari za Mwindo unazijua?"

Yawapasa wasomaji kujua ya kwamba Mwindo ni shujaa wa hadithi kuu ya Wanyanga. Mwaka 1956, mzee Candi Rureke aliisimulia na kuiimba kwa muda wa siku kumi na mbili mbele ya mtaalamu Mbelgiji, Daniel Biebuyck. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, wakaitoa katika kitabu huko Marekani mwaka 1969. Hivi leo husomwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali, na huku watoto wetu wengi hawajapata kulisikia hata jina lake.

Bibi akaisimulia kwa ufupi, nami nikawafasiria mke wangu na watoto. Mtemi Shemwindo aliamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo alipozaliwa mwanamume, baba yake alitaka kumwua, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Lakini Mwindo hakufa. Alimtafuta shangazi yake Iyangura, naye akamkubali. Akaenda kwa wajomba zake, upande wa mama, waliokuwa wafua chuma; wakampa nguvu, wakaenda naye vitani. Shemwindo akakimbilia chini ya ardhi. Mwindo akamfuata huko, akamrudisha. Wala hakumwua, bali alimketisha tena. Baba akakiri kosa lake mbele ya watu, na nchi ikagawanywa kati yao wawili.

Alipokwisha, bibi akasema, "Umesikia? Aliyemkana mtoto hakuwa mgeni. Alikuwa mwenye mji mwenyewe. Na waliomwokoa ni shangazi na wajomba. Pasipo watu wa upande wa mama, Mwindo angalishindwa. Watoto hawa wana wajomba Masisi. Wewe wataka kuwanyima wajomba? Mimi ni shangazi katika nyumba hii. Nimewakubali. Nenda ukalete maji, mama yao anawe mikono."

Kijana yule akaenda. Akarudi na birika na beseni, akapiga goti mbele ya mke wangu, akammiminia maji. Hakusema neno, wala hakudaiwa neno. Asubuhi ndiye aliyetuongoza mpaka mahame ya kijini cha zamani, tukayaona makaburi ya wazee, akatufyekea njia. Siku tano tulizokaa pale, binti yetu alimfuata bibi kila mahali na daftari lake, akiandika: hivi ndivyo wasemavyo maji, hivi ndivyo wasemavyo moto, hivi ndivyo wamsalimuvyo mtu mzima.

Yaliyobaki

Bibi alifariki mwaka 2014. Na tangu safari ile nchi yetu imepata mateso makubwa zaidi. Mwezi wa Januari 2025 vita viliitwaa Masisi-centre, kisha Goma. Mwezi wa Machi vikafika Walikale-centre yenyewe, na watu wengi wakakimbilia msituni. Sisi pia tulihama. Tulipofunga mizigo usiku, kila mtu aliambiwa achukue kitu kimoja tu. Binti yetu, ambaye sasa ni mtu mzima, alichukua lile daftari. Ndani yake kuna maneno ya Kinyanga, na katika ukurasa wa mwisho, jina la mama wa Kihunde aliyemsimamia nyanya yake katika ubatizo.

Wazazi wapendwa, msiwanyime watoto wenu habari za kwao kwa kuwa neno hilo limetumiwa vibaya. Waambieni majina ya mababu, wa kuume na wa kuke. Wafundisheni maneno ya lugha yenu, hata kama ni machache. Nendeni parokiani mkaombe vitabu vifunuliwe wakati vingalipo, kwa maana karatasi huungua, na wazee hufa. Lakini mkisimulia, simulieni yote. Msihesabu waliotuumiza tu na kuwasahau waliotuwashia moto.

Wahenga wale wale waliosema "Mkataa kwao mtumwa" walisema pia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hizi mbili hazigombani. Mwaka jana mtoto wa jirani alimwuliza binti yetu kwao ni wapi. Nilitega sikio nisikie atakavyojibu. Akasema, "Keti, ni habari ndefu," akaenda kulileta daftari.