Simu zikikatika, Kitale na Bungoma zitaitana vipi?

Novemba mwaka 2019 nyumba yetu ya Likoni haikupata usingizi kwa siku mbili. Dada yangu ameolewa Kitale, na mumewe ni dereva wa lori anayepeleka mizigo Lodwar. Usiku wa kuamkia tarehe 23 mwezi ule, mvua kubwa iliporomosha udongo wa milima ya Pokot Magharibi. Zaidi ya watu 50 walifariki, madaraja yakasombwa na barabara ya Kitale–Lodwar ikakatika. Simu ya shemeji haikupatikana. Mama yetu alirudia swali moja tu: "Hivi huko kote hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza?"

Alhamdulillah, shemeji alikuwa hai. Alikwama njiani na madereva wenzake, simu imeisha chaji, na hapakuwa na pa kuichajia. Lakini swali la mama lilibaki moyoni mwangu bila jibu.

Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada huyo huyo, alinipigia kutoka Bungoma anakosomea ufundi wa umeme. "Mjomba," akaniambia, "mimi na wenzangu wa hapa na wa kule Kitale tunataka kuanzisha klabu ya redio ya ridhaa. Watu wanatucheka. Wanasema enzi hizi za simu za rununu, redio ni ya nini? Hebu andika waelewe."

Basi leo namwandikia yeye, na wewe msomaji wangu wa Pwani usikilize, maana jambo hili linatuhusu sote.

Redio ya ridhaa ni nini?

Tumezoea neno ridhaa katika michezo. Bondia wa ridhaa hapigani kwa malipo, anapigana kwa kuupenda mchezo. Redio ya ridhaa ni vivyo hivyo. Ni mtu wa kawaida, awe mwalimu, fundi, daktari au mwanafunzi, anayesoma, anafanya mtihani, anapewa leseni, kisha anajenga kituo chake kidogo nyumbani cha kuzungumza na wenzake wa karibu na wa mbali. Halipwi, wala haruhusiwi kufanyia biashara. Hapigi muziki wala kutangaza kama vituo vya FM. Na mazungumzo yake na watu wa nchi nyingine hayafichwi kwa lugha ya siri, yeyote mwenye redio anaweza kusikiliza.

Wenyewe ulimwenguni kote hujiita "ham". Neno hilo halitoki kwetu, lakini mimi nikilisikia nasikia hamu, na kweli ni watu wenye hamu.

Kila mmoja hupewa jina la kuitia, herufi na tarakimu chache ambazo hakuna mwingine duniani anazo. Za Kenya huanza na 5Y au 5Z, na ya kawaida ni 5Z4. Uganda ni 5X, Tanzania 5H, Oman A4. Enzi za ukoloni Kenya ilikuwa VQ4 na Zanzibar VQ1. Kwa hiyo ukisikia tu mtu akijitaja, unajua anaita kutoka nchi gani kabla hajakueleza.

Chama cha kitaifa kipo, nacho ni Amateur Radio Society of Kenya. Ndicho kinachoiwakilisha nchi katika umoja wa dunia wa vyama hivi, ulioundwa Paris mwaka 1925. Leseni hutolewa na serikali kupitia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Sauti hupita wapi?

Simu yako ya rununu haiongei na simu ya mwenzako moja kwa moja. Inaongea na mnara, mnara unaongea na mitambo, mitambo inatafuta mnara mwingine. Katika mnyororo huo, stima ikipotea kwa muda mrefu au waya ukikatika, nyinyi wawili mtabaki mkitazama vioo. Tuliyaona usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Tukayaona tena tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipoharibika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki yote.

Redio ya ridhaa haina mnyororo huo. Ni chombo changu, waya wangu, hewa, waya wako, chombo chako. Betri ya volti 12 kama ya gari inatosha kuendesha kituo, na paneli ndogo ya jua inatosha kuichaji.

Sasa tuje Kitale na Bungoma. Miji hii miwili iko chini ya Mlima Elgon, Kitale upande wa mashariki na Bungoma upande wa kusini, na kwa mstari wa moja kwa moja imeachana kilomita 70 hivi. Kuna njia mbili za kuiunganisha.

Ya kwanza ni mawimbi ya masafa ya juu, kama megahezi 144, yanayotumiwa na redio ndogo za mkononi. Haya husafiri kama mwanga wa kurunzi: yakikutana na kilima yanazuiwa. Redio ya mkononi iliyoko Kitale mjini haitarajiwi kufika Bungoma. Dawa yake ni kuweka mahali pa juu kwenye miteremko ya mlima chombo kinachopokea sauti na kuirusha upya papo hapo. Mlima wenyewe una urefu wa mita 4,321. Ule uliokuwa kizuizi unageuka kuwa mlingoti.

Ya pili ni mawimbi mafupi, kama megahezi 7. Juu angani, kuanzia kilomita 100 hivi na kupanda hadi mia kadhaa, kuna tabaka za hewa zinazochajiwa na jua. Mawimbi haya yakirushwa juu hurudishwa chini, kama mpira uliopigwa dari ukarudi sakafuni. Ukitandaza waya wa mita 20, kumi huku na kumi kule, usioinuliwa sana kutoka ardhini, sauti yako hupanda karibu wima na kushuka kama mwavuli juu ya eneo la mamia ya kilomita. Mlima hauwezi kuzuia, kwa sababu sauti imepita juu yake. Kitale, Bungoma, Kapenguria, hata Mombasa iliyoko kilomita 770 hivi kwa mstari ulionyooka, zote zinaweza kuingia chini ya mwavuli huo. Na chombo chenyewe kwa kawaida kina nguvu ya wati 100, sawa na balbu moja ya zamani.

Sitaki kumpamba bibi harusi kupita kiasi. Redio nayo ina siku zake mbaya. Jua likichafuka, mawimbi mafupi huvurugika, na saa nyingine hewa ni kelele tupu. Redio haiji kuchukua nafasi ya simu. Inakuja kukaa pembeni, isubiri siku ambayo simu imeshindwa.

Baraza ya hewani

Watu wengi wakisikia klabu ya redio hufikiria vyombo. Mimi nadhani hapo ndipo wanapokosea. Vyombo ni sehemu ndogo. Klabu ni watu.

Sisi wa Pwani tunaijua baraza. Kila jioni wazee wale wale, pale pale, na kahawa yao chungu. Ukipita njiani unaweza kudhani wanapoteza wakati. Lakini mzee mmoja asipoonekana siku mbili, wenzake watakwenda kumbishia mlango. Baraza imeshamkosa kabla jamaa zake hawajajua.

Klabu za redio nazo zina baraza yao. Siku maalumu ya wiki, saa ile ile, katika masafa yale yale, mmoja huwa msimamizi na kuwaita wenzake kwa majina yao. Kila mtu anaitika, anasema yuko wapi, anamsikia mwenzake vizuri kiasi gani, na habari za kwake. Mvua imenyesha? Barabara inapitika? Mgonjwa anaendeleaje? Miezi inapita na watu wanajuana kwa sauti. Wanajua nani ana betri ya akiba, nani anakaa karibu na hospitali, nani ana pikipiki.

Zaidi ya baraza, wanachama hufundishana kutengeneza antena na kusoma mofsi kwa wanaopenda, ingawa tangu mkutano wa kimataifa wa mwaka 2003 kila nchi ina hiari ya kuidai au kutoidai mofsi katika mtihani. Hutumiana kadi za posta kuthibitisha kwamba walisikizana. Huenda porini siku nzima na vyombo vyao kujipima kama wanaweza kufanya kazi bila stima. Na kila Oktoba maskauti duniani hukutana hewani katika jamboree iliyoanza mwaka 1958, vituo vya ridhaa vikiwapa nafasi ya kuzungumza.

Hewani pia hakuna kiti cha mbele. Marehemu Sultani Qaboos wa Oman alikuwa mwanachama wa ulimwengu huu kwa jina A41AA. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1, na aliongea na watu wa kawaida waliobahatika kumsikia. Kijana wa Bungoma akiita, hajui nani ataitika.

Siku ya shida

Desemba mwaka 2004 mama mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa visiwa vya Andaman na wenzake. Walikwenda kwa ajili ya burudani yao hii. Visiwa vile havikuwa vimesikika kwenye masafa ya ridhaa kwa miaka mingi, na watu duniani walitamani kuzungumza navyo. Tarehe 26 tetemeko likapiga na tsunami ikafuata. Simu zikanyamaza. Waliokuja kucheza wakageuka kuwa mdomo na sikio la visiwa, wakipeleka habari za walio hai kwa jamaa zao India bara. Bahari ile ile, saa kadhaa baadaye, ilifika mwambao wetu wa Kenya ikiwa imepungua nguvu, na hata hivyo ikaua mtu mmoja.

Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba mama yule hakujifunza redio siku ya tsunami. Alikuwa ameshajifunza kwa kucheza. Antena ilikuwa imeshasimama, na waliokuwa upande wa pili walikuwa wameshaizoea sauti yake. Msaada wa siku ya shida ulijengwa siku za starehe.

Mpwa wangu aanzie wapi?

Aanze kwa kusikiliza. Redio ya mawimbi mafupi ya kawaida haitoshi, atafute yenye uwezo wa kupokea SSB, vinginevyo sauti za watu hawa zitamfikia kama bata aliyebanwa shingo. Katika megahezi 14.100 kuna vituo 18 vya majaribio duniani vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko wote ni dakika 3. Kenya imepewa nafasi mle kwa jina 5Z4B. Anayesikiliza zamu hizo hujua leo hewa imefunguka upande gani wa dunia.

Pili, asome, yeye na wenzake pamoja, na wawasiliane na chama cha kitaifa na Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu mtihani na leseni kabla hawajanunua chombo cha kurushia. Redio za mkononi za bei rahisi zimejaa madukani, na kijana akiipata kidole humuwasha. Kurusha bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1998, na unaweza kuingilia polisi au ambulensi bila kujua.

Tatu, wasisubiri vyombo vya kila mtu. Kituo kimoja Kitale na kimoja Bungoma, kila kimoja na watu watano waliofuzu, ni klabu tayari. Waanze baraza yao ya wiki na wasiivunje hata wakiwa wawili. Wafanye mazoezi ya kuandika ujumbe, kuusoma polepole na kuurudia, kwa sababu jina la mtu likikosewa, familia itamlilia asiyekufa.

Nne, wajulikane mapema. Waende kwa maafisa wa maafa wa kaunti za Trans Nzoia na Bungoma na kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, waseme: tupo, hawa ndio sisi, masafa yetu ni haya. Daraja likishakatika si wakati wa kujitambulisha.

Na wasiwaache wasichana nje. Mwenye kisa cha Andaman ni mwanamke.

Nasi wa Pwani tusikae kutazama. Mafuriko ya Mto Tana tunayajua. Baraza ya Kitale na Bungoma ikipata mwenzake wa Likoni, Malindi au Lamu wa kuitikia, inshallah ile kamba itakuwa imefika mwisho wa pili.

Nilimpigia mama kumweleza anachotaka kufanya mjukuu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ile wangekuwapo, kungekuwa na mtu wa kumuuliza?"

Nikamwambia, ndiyo mama. Angekuwapo.